Singo: Bahari Ndani ya Kinu

Katika mapambo ya wanawake wa Pwani, ni machache yaliyobeba historia ndefu kama singo. Jina lenyewe linatokana na kitenzi kusinga, yaani kuusugua mwili kwa vitu vya harufu nzuri. Unguja na Pemba, singo hutengenezwa kwa langilangi, asumini, waridi, rehani, karafuu na liwa. Maua huanikwa kivulini, kwani jua kali huyaondolea harufu; kisha hutwangwa pamoja na viungo, na unga wake hulowanishwa kwa marashi ya waridi. Mwari husingwa siku kadhaa kabla ya harusi, mpaka singo ikauke mwilini na kupukutika pamoja na taka za ngozi.

Anayekitazama kinu hicho kwa jicho la historia ataona kuwa vingi vilivyomo vilivuka bahari. Mlangilangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Marashi ya waridi yana sifa kongwe Uajemi, na pia Oman, katika milima ya Jebel Akhdar. Liwa ni mti wa harufu uliokuja kwa majahazi. Huko Ngazija, kuni ya aina hiyo husuguliwa juu ya jiwe la matumbawe ili kupata msindzano, ambao wanawake hujipaka usoni. Mkarafuu nao ni mzaliwa wa visiwa vya Maluku. Wafaransa waliufikisha Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaingia Unguja.

Lakini karafuu haikustawi visiwani kwa mvua na udongo pekee. Mashamba yalilimwa, na mavuno yalichumwa, na watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuuondoa utumwa wenyewe ikatolewa mwaka 1897. Hata hivyo, amri hiyo haikuwagusa masuria. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Kwa hiyo harufu iliyomtukuza bibi wa nyumba ilikuwa na jasho la watu wasiokuwa huru, na huenda mkono ulioshika mchi haukuwa na amri juu ya mwili wake wenyewe.

Baada ya uhuru huo, wanawake waliotoka utumwani walivaa kanga na buibui, wakayatwaa mavazi na mapambo yaliyokuwa alama ya waungwana. Hapo kujipamba hakukuwa upuuzi. Kulikuwa ni kusema, bila ya maneno, kwamba mwili huu sasa una mwenyewe.

Elimu ya singo haikuandikwa. Ilipita kwa bibi na mjukuu, kwa somo na mwari wake, na kipimo chake kilikuwa konzi na chopa. Leo singo huuzwa hata kwa watalii katika vichochoro vya Mji Mkongwe, nayo huwapatia riziki wanaoitengeneza. Hilo ni jema. Ila pakiti haielezi kwa nini asumini izidi karafuu, wala ni nani aliyefundishwa na nani. Magunia ya karafuu yalihesabiwa forodhani na hesabu zake zikawekwa. Kilichokuwa viganjani mwa wanawake hakikupata daftari. Hapana budi kiulizwe na kiandikwe, maadamu bado wapo wakongwe wa kukijibia.