Sauti Moja, Maana Mbili: Historia Fupi ya Honi ya Marubani

Wanazuoni wa lugha wamezoea kulitazama neno lenye maana nyingi kama jambo lisilo na hatari. Neno "paa" laweza kuwa mnyama, laweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, tena laweza kuwa kitendo cha kwenda juu. Wala msikilizaji hapotezwi nalo, kwa kuwa maneno yaliyo kando yake humwongoza. Lakini kuna alama zisizo na maneno kando yake, nazo ni zile za kuwaonya marubani. Historia ya mojawapo yafaa kuangaliwa na watu wa taaluma yetu, maana tatizo lililokuwamo ni lile lile tulijualo katika kamusi.

Katika ndege za Boeing 737 za aina za zamani palikuwa na honi moja iliyotumika kwa mambo mawili. Ikilia chini uwanjani, maana yake ndege haijapangwa sawasawa kwa kuruka, mathalan vibawa vya nyuma ya mabawa havikushushwa. Ikilia angani, maana yake hewa ya ndani imekuwa nyepesi kama hewa ya mahali palipo futi 10,000 juu ya usawa wa bahari. Ndege haiwezi kuwa chini na juu kwa wakati mmoja. Basi mahali penyewe patafasiri. Hoja hii si ya kipumbavu. Ndiyo tuitumiayo sisi kila siku tunapoeleza maneno ya namna ya "paa".

Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya kampuni ya Helios iliondoka Larnaca, Saiprasi, kwenda Prague kwa njia ya Athens, ikichukua watu 121. Swichi ya kurekebisha hewa ya ndani ilikuwa imeachwa katika hali ya kuendeshwa kwa mkono, na marubani hawakuitambua. Walipopita futi 12,000 honi ikalia. Wakaichukua kwa maana ya kwanza. Nahodha alipozungumza na watu wa kampuni kwa redio alitaja onyo la kuruka na mitambo ya kupoza vifaa, wala si hewa ya kupumua. Ndege ikaendelea kupaa mpaka futi 34,000 ikijiongoza yenyewe, ikafika anga ya Athens, ikazunguka huko mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Grammatiko. Hakupona hata mmoja.

Kuifasiri alama kwa mahali ilipo ni kazi ya akili, na upungufu wa oksijeni huidhuru akili mapema, tena bila mwenyewe kujua. Honi ile ilimtaka msikilizaji atumie kitu kile kile ambacho ilikuwa ikimwonya kwamba kinaondoka.

Kifungu 25.1322 cha kanuni za Marekani za kuidhinisha ndege kubwa kilishughulika kwa miaka mingi na rangi za taa tu. Kilipoandikwa upya mwaka 2010 kilipambanua madaraja matatu: ishara itakayo kitendo papo hapo, ile itakayo kutambuliwa papo hapo na kitendo baadaye, na ile ya kuarifu. Mbili za kwanza ziliamriwa zifikishwe kwa hisi mbili tofauti angalau, kama sikio na jicho. Wafasiri wetu huandika "onyo" na "tahadhari" kana kwamba ni neno moja. Kwa kanuni hii haifai, nami ningelipa daraja la kwanza "onyo". Neno hilo lina asili njema kwa kazi hiyo, kwani kuonya ni kumfanya mtu aone.

Mwaka 2011 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wakaamuru 737 za aina ya 100 mpaka 500 zitiwe taa mbili zenye maandishi, moja ya hewa ya ndani, moja ya mpango wa kuruka. Kilichoongezwa hasa ni maneno kando ya honi. Wenye ndege walipewa muda mpaka tarehe 14 Machi 2014, yaani miaka minane na miezi saba tangu siku ya Grammatiko.