Soketi, plagi na swichi

soketi nm [i-/zi-] kifaa kinachofungwa ukutani, chenye matundu ya kupokea plagi ili chombo kipate umeme. Asili: Kiingereza.

Tofauti. Katika mazungumzo, "chomeka kwenye swichi" hueleweka, kwa kuwa soketi nyingi zina swichi pembeni. Katika maandishi ya ukarabati wa jiko, mazoea hayo hugharimu. Mwenye nyumba wa Nkome, mkoani Geita, akiandika "plagi sita" katika orodha ya vifaa, atauziwa plagi sita, na fundi hatakuwa na cha kufunga ukutani. Kitenzi husaidia kupambanua: plagi huchomekwa na kuchomolewa, swichi hubonyezwa, soketi hufungwa, nayo hubaki mahali pake.

Idadi. Nomino hizi hazibadiliki katika wingi. Idadi huonyeshwa na upatanisho. "Soketi ya juu ya kaunta" ni moja. "Soketi za juu ya kaunta" ni zaidi ya moja. "Soketi mbili" ina utata: ni vifaa viwili, au kimoja chenye nafasi mbili? Kwa maana ya pili, andika "soketi pacha". Mafundi huiita "soketi dabo".

Pointi. Katika lugha ya mafundi, neno hili hujumuisha soketi, taa na swichi. "Jiko lenye pointi sita" haliwi lazima na soketi sita. Katika mkataba, taja kila aina na idadi yake.

Uwezo. Soketi ya kawaida ya matundu matatu nchini Tanzania ni ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230. Birika la wati 2,000 na jiko dogo la wati 1,500 vikitumia soketi moja kupitia ekstensheni, huvuta ampea 15 na ushei, yaani kupita kiwango. Kwa hiyo idadi ya soketi ni suala la usalama pia. Mfasiri wa mwongozo wa Marekani, ambako umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 120, asihamishe hesabu za ampea kama zilivyo.

Mifano
1. Zifungwe soketi pacha mbili juu ya kaunta, mbali na karo, na soketi moja ya friji.
2. Jiko kubwa la umeme liwe na laini yake. Lisichomekwe kwenye soketi ya kawaida.
3. Chomoa plagi ya blenda kabla ya kuiosha. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Taz. pia: chomeka, ekstensheni, fyuzi, waya.