Majina ya Auguste Comte

Mtu huitwa jina moja na mamaye, jina lingine na rafiki zake, na pengine vitabu humpa la tatu. Sisi tunaoandika majina katika kitabu cha ubatizo twalijua jambo hilo. Basi tutazame majina ya Mfaransa mmoja ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa sosiolojia, ndiyo elimu ya maisha ya watu pamoja.

Alizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, tarehe 19 Januari 1798. Wazazi wake, Louis Comte na Rosalie Boyer, walikuwa Wakatoliki. Walimpa majina haya: Isidore Auguste Marie François Xavier. Nyumbani aliitwa Isidore. Angali kijana aliiacha imani ya wazazi wake, halafu akaliacha na jina la nyumbani, akajiita Auguste. Kwa hiyo ukikuta Isidore Comte hapa na Auguste Comte pale, jua ni mtu yule yule.

Mwaka 1826 alipatwa na ugonjwa wa akili. Mama yake akaja Paris kumwuguza, akataka ndoa ya mwanawe na Caroline Massin, iliyofungwa serikalini mwaka 1825, ibarikiwe na padre. Ikabarikiwa. Lakini mgonjwa alipotia sahihi aliandika: Brutus Bonaparte Comte. Mama aliyemwita Isidore aliliona jina ambalo hakumpa.

Baadaye alipona, akatoa mafundisho yake makubwa katika vitabu 6, tangu 1830 hata 1842. Mwaka 1839 alichapa neno sosiolojia, akiunganisha neno la Kilatini socius, maana yake mwenzi, na neno la Kigiriki logos, maana yake neno au elimu. Mwishoni alitunga hata dini isiyo na Mungu, yenye kalenda ya miezi 13. Ajabu ni hii: mwezi wa kwanza aliupa jina la Musa, na wa sita jina la Mtakatifu Paulo. Alikufa Paris tarehe 5 Septemba 1857.

Dini yake hatuwezi kuipokea. Lakini huyu aliyeliacha jina la nyumbani alifundisha kwamba mtu hajitoshi peke yake: walio hai hujengwa na waliowatangulia. Hilo wazee wetu walilijua, ndiyo maana humpa mtoto jina la babu. Tuyaandike basi majina kwa uangalifu, maana kila jina lina mtu aliyelitoa kwa upendo.