Staha ya Aliyesingiziwa

Staha ya aliyesingiziwa ni mlango wa maadili ya Kikristo unaohusu mwenendo wa mtu aliyetwikwa kosa asilolitenda: aseme nini na aseme wapi, anyamaze lini, haki yake aitafute kwa nani, na vipi aihifadhi nafsi yake, katika ghadhabu na fedheha iliyompata, isije ikafanana na nafsi ya yule aliyemzulia. Walimu wengi wa Kanisa wamezoea kuuweka mlango huu chini ya subira, kana kwamba yote aliyoamriwa msingiziwa ni kustahamili; walakini Maandiko, yakisomwa kwa utulivu, yana mengi zaidi ya hayo, na yamkini wahubiri wetu wamemfundisha aliyedhulumiwa kunyamaza hata mahali ambapo Mtume Paulo mwenyewe hakunyamaza.

Asili ya mafundisho haya ni ile amri ikatazayo kumshuhudia jirani uongo, ambayo Waanglikana huihesabu kuwa ya tisa na Wakatoliki kuwa ya nane, pamoja na sharia iliyomo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, isemayo kwamba shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani, na kwamba shahidi akithibitika kuwa ni mwongo atapatilizwa kwa adhabu ileile aliyokusudia impate mwenziwe. Itazamwe vema sharia hii, kwa maana haikuelekezwa kwa anayesingiziwa bali kwa mzushi na kwa baraza linalomsikiliza. Hata hivyo baraza laweza kutimiza kila sharti na bado likaua asiye na hatia: katika kisa cha Nabothi, kilichomo katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, saumu ilitangazwa, wazee wakaketi, mashahidi wakapatikana wawili kama ilivyotakiwa, na mtu akapigwa mawe hata akafa kwa ajili ya shamba la mizabibu ambalo mfalme alilitamani. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali yenye hekima yake katika siasa na hali ya hewa, lakini katika jambo la heshima ya mtu imekwisha kuvunja nyumba nyingi, na Mkristo hana ruhusa ya kuitegemea.

Tukichukua mfano wa kijiji kimoja cha Kenya, kisa kilicho karibu zaidi na watu wa Biliqo ni kile cha Yusufu. Biliqo ni kijiji cha wafugaji wa Kiborana katika wadi ya Chari, kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, katika nchi iletewayo uhai na mto Ewaso Nyiro. Wengi wa wakazi wake ni Waislamu, na Wakristo ni wachache. Kwa hiyo mwalimu au muuguzi Mkristo aliyepelekwa kutumika huko, akizuliwa jambo, hana haja ya kuwaeleza majirani zake mtu huyu Yusufu ni nani, kwa kuwa wao nao wanaye katika sura nzima ya Kurani, ambamo kanzu iliyopasuka kwa nyuma ndiyo iliyotoa ushahidi wa ukweli wake. Katika Mwanzo, sura ya 39, mambo ni kinyume: vazi lililoachwa mkononi mwa mke wa Potifa lilitumiwa kumtia hatiani, na msimulizi hakuandika hata neno moja la Yusufu la kujitetea. Huko gerezani, hata hivyo, alipomfasiria mnyweshaji wa mfalme ndoto yake, Yusufu alimwomba amtaje mbele ya Farao, akaeleza waziwazi ya kwamba aliibwa katika nchi ya Waebrania na kwamba hapo alipo hakutenda neno la kumstahilisha shimo lile. Jina la yule mwanamke hakulitaja, wala kosa lake hakulisimulia. Alikiri usafi wake pasipo kumwaga izara ya mtu mwingine. Na mimi naona kwamba katika sentensi ile ya mfungwa kuna mafundisho zaidi ya staha kuliko katika kurasa nyingi za waliomfafanua.

Masihi naye hakuwa na namna moja ya kujibu. Mbele ya Herode hakufungua kinywa, kwa kuwa Herode hakutaka hukumu, alitaka mchezo. Mbele ya Kayafa alinyamaza juu ya mashahidi waliopingana wao kwa wao, kisha akajibu alipoulizwa Yeye ni nani. Askari wa kuhani mkuu alipompiga kofi, alimtaka athibitishe ubaya wa maneno yake, na kama hakuna ubaya amweleze sababu ya kofi. Ni swali la kisheria kabisa, lililotoka kwa mtu aliyefungwa mikono. Paulo alizidi hapo. Huko Filipi, baada ya yeye na Sila kuchapwa bakora hadharani bila ya kuhukumiwa, wakuu wa mji walituma watu wawatoe kwa siri, naye akakataa kutoka mpaka wakuu wenyewe waje kuwatoa, kwa kuwa walikuwa raia wa Rumi na fedheha waliyotendewa mbele ya watu haikupaswa kufutwa nyuma ya mlango. Huko Kaisaria, alipoona kwamba liwali Festo ataka kumrudisha Yerusalemu kwa wale waliomvizia, aliikata rufani yake kwa Kaisari. Basi asemaye kwamba Mkristo kumpeleka mzushi mahakamani ni upungufu wa imani, na asome kwanza Matendo ya Mitume, sura ya 16 na ya 25. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50, imempa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike kinyume chake, na kuitumia haki hiyo si kulipiza kisasi.

Katika Kenya yenyewe, mfano ulio wazi ni wa Askofu David Gitari, aliyeiongoza dayosisi ya Kianglikana ya Mount Kenya East tangu 1975, dayosisi iliyotoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya ikashuka hadi Isiolo na Marsabit, nchi za Waborana zikiwamo. Mwaka 1987, katika siku ambazo chama tawala cha KANU kilikuwa kimekwisha kuleta uchaguzi wa kupanga mlolongo badala ya kura ya siri, Gitari alihubiri huko Nyeri juu ya Danieli, sura ya 6, jinsi wakuu wa mfalme Dario walivyotafuta hila dhidi ya mtumishi mwaminifu, na walipokosa kasoro katika kazi yake wakatunga sharia ya kumnasa kwa ibada yake. Wanasiasa walikasirika, wakamrushia tuhuma za kuwachochea raia. Naye hakuwajibu kwa matusi, bali aliendelea kuhubiri Danieli, na mwaka uliofuata hotuba zake zikachapwa kitabu. Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge la watu liliivamia nyumba yake Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akapiga ukelele, na majirani wakatoka kwa wingi hata wavamizi wakakimbia. Wanaoandika juu ya staha ya msingiziwa huwasahau majirani hawa, ilhali mara nyingi murua wa mtu aliyezuliwa husimama au huanguka kwa kadiri ya wanaoitika ukelele wake. Gitari alikuwa Askofu Mkuu wa Kenya tangu 1997 hata 2002, akafariki 2013.

Uganda ndiko jambo hili la kusingiziwa lilikofika upeo wake. Janani Luwum, Mwacholi aliyezaliwa Mucwini, Kitgum, mwaka 1922, akaokoka Januari 1948 katika ule Uamsho wa Afrika ya Mashariki ambao wafuasi wake walizoea kuungamiana dhambi zao hadharani, alikuwa Askofu Mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire tangu 1974. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari wa Rais Idi Amin waliingia nyumbani kwake Namirembe, wakamwelekezea bunduki na kumtaka aoneshe silaha zilipo. Wakapekua wasipate kitu. Maaskofu hawakuinyamazia dhulma hiyo. Walimwandikia Rais barua ya pamoja, wakieleza upekuzi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea katika nchi, wakitia sahihi kwa majina yao.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, kwenye uwanja wa Nile Mansions, ambapo silaha zilikuwa zimepangwa wazi ili askari waliokusanywa wazione, na maaskofu wakasimamishwa juani kwa muda mrefu huku waraka ukisomwa uliomtia Luwum katika njama ya kumrudisha madarakani kwa nguvu Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Inasimuliwa na waliokuwapo kwamba, jina lake lilipotajwa, Luwum alitikisa kichwa tu. Na askari walipoulizwa watu hawa wafanyiwe nini, walipaza sauti kwamba wauawe. Kisha maaskofu wakaambiwa waende zao, isipokuwa Luwum. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikataa kuondoka mara moja, akabaki nje akimngoja mwenziwe mpaka alipofukuzwa. Kesho yake Redio Uganda ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya motokaa. Mwili wa Luwum ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko, na watu wa kwao waliona majeraha ya risasi. Mjini Kampala kaburi lililokwisha kuchimbwa Namirembe likabaki tupu. Kivengere alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu alichokiita I Love Idi Amin, ambacho jina lake liliwakera wengi, kwa kuwa msamaha utolewao kabla ya mkosaji kukiri huonekana kama dharau kwa waliokufa. Mwenyewe hakuacha kuyataja maovu ya Amin kwa majina yake, na hapa twaona kwamba kusamehe na kushuhudia ni mambo mawili yawezayo kukaa katika kinywa kimoja. Sanamu ya Luwum iliwekwa juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, mwaka 1998, na tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda.

Lazima tuseme na upande wa pili. Waraka wa Kwanza wa Petro, ambao humpa aliyesingiziwa faraja kuu kwa kumwonesha Kristo asiyerudisha tusi kwa tusi, ndio huohuo unaomwonya mtu asije akateswa kwa uuaji au wizi wake kisha akajiita shahidi wa imani. Wamekuwapo wachungaji na waweka hazina waliokamatwa na makosa ya kweli, wakajifunika joho la Yusufu, na waumini waliowalalamikia wakaitwa wazushi. Mtume Paulo aliagiza kwamba shitaka juu ya mzee wa kanisa lisipokewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, hakuagiza lisisikilizwe. Staha ya kweli haikimbii uchunguzi. Asiye na hatia huomba vitabu vya hesabu vifunguliwe, na anayezuia visifunguliwe huwa amekwisha kutupa nusu ya jawabu.

Hayo yote ni ya mtu mmoja mmoja. Biliqo na nchi yote ya Waso, yaani ya mto Ewaso Nyiro, ina historia ya masingizio ya namna nyingine, ambayo mafundisho ya Kikristo hayakuyashughulikia vya kutosha, nayo ni kuzuliwa kabila zima. Mwezi Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dido, waliuawa karibu na Modogashe walipokuwa wakizunguka kuwashawishi watu wasiifuate harakati ya kujitenga na Kenya ili kuungana na Somalia. Ungedhani damu ya viongozi hawa ingewatolea watu wao ushahidi. Haikuwa hivyo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Desemba mwaka huo, mfugaji Mborana alihesabiwa shifta, yaani mwasi mwenye silaha, kwa sababu ya mahali alipolisha. Na ijapokuwa wapo waliochukua bunduki kweli, hatia yao iligawanywa kwa wanawake na watoto na ngamia. Mwaka 1966 watu wa Waso walikusanywa katika makambi ya Garba Tulla, Merti na Modogashe, mifugo ikapigwa risasi au ikafa kwa kukosa malisho, na wafugaji waliokuwa matajiri wakawa watu wa kugawiwa posho. Waborana huziita siku zile Gaf Daba.

Mtu mmoja aweza kukata rufani kwa Kaisari, lakini watu hawa mlango huo walifungiwa, kwa maana sheria ya kinga iliyopitishwa na Bunge mwaka 1970 iliwazuia kuishtaki serikali kwa yale yaliyotendwa na maofisa wake tangu Desemba 1963 hata Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Neno la subira lilipohubiriwa kwao na jirani Mkristo wa bara, ambaye huenda ndugu yake alivaa sare ya askari, lilikuwa na ladha ya kejeli. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mateso hayo katika ripoti yake ya Mei 2013, na mwezi Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhulma za serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kanisa lina kipimo chake cha kupimia radhi ya namna hiyo, kilichotolewa na mtoza ushuru wa Yeriko: Zakayo, aliyewatoza watu kwa hila, hakusema kwamba ametubu tu, alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, malipo mara nne.