Maji Yaliyo Chini ya Nyumba za London

Kwetu pwani mtu hujenga kwenda juu. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zina baraza na orofa mbili tatu, lakini ni nadra kukuta familia imelala chini ya usawa wa barabara. Ndiyo maana wengi wetu tulipofika London tulistaajabu kuteremka ngazi kwenda chumbani. Vyumba hivyo mara nyingi ndivyo vya kodi nafuu, na ndivyo vinavyonuka ukungu.

Katika karne ya 18 na ya 19, wajenzi wa nyumba za safu walichimba chini, na udongo uliotoka wakautumia kuinua barabara ya mbele. Kwa hiyo ukitazama kutoka mtaani unaona jiko liko shimoni, lakini ukitokea nyuma unakuta bustani iko sawa na sakafu ya jiko hilo. Huko chini hakukukusudiwa mwenye nyumba. Palikuwa mahali pa mapishi, pa watumishi, na pa stoo ya makaa ya mawe iliyoingia chini ya njia ya waendao kwa miguu. Baadaye matajiri walihama mitaa mingi, nyumba zikagawanywa zipangishwe, na wasio na uwezo wakajikuta chini.

Na chini kuna maji. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, usionywa maji upesi, hivyo mvua hujikusanya kando ya ukuta. Mito kama Fleet, Tyburn na Westbourne haikufa, ilifunikwa tu. Anayesubiri treni Sloane Square akiinua macho ataona bomba kubwa la chuma juu ya reli. Ndani yake ndimo upitamo Westbourne.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari 1928, theluji ya Krismasi ilikuwa imeyeyuka ghafla, mvua imenyesha, na dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ikausukuma mto Thames juu wakati maji yamejaa. Ukuta wa mto ukabomoka karibu na Millbank. Watu 14 walikufa maji, wengi wao wakiwa wamelala katika vyumba vya chini. Maji yaliingia kwa dirisha na mlango, yaani njia zile zile ambazo wangetokea. Lango la kuzuia maji ya Thames lilianza kazi mwaka 1982, na hatari ya mto ikapungua sana.

Lakini mvua haina lango. Mabomba aliyojenga Joseph Bazalgette baada ya uvundo mkuu wa 1858 hubeba maji ya mvua na maji machafu pamoja. Yakijaa, maji hurudi nyuma, na shimo la kwanza linalofikiwa ni choo cha chini. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2021 Notting Hill na Maida Vale. Dawa ya hilo ni vali inayoruhusu maji kutoka bila kurudi.

Maji ya ardhini yana dawa nyingine. Mwanasheria wa Marekani, Henry Flagg French, alieleza katika kitabu chake cha 1859 jinsi ya kukausha mashamba kwa mitaro iliyofukiwa. Mtaro wa namna hiyo, wenye kokoto na bomba la matundu, bado unaitwa kwa jina lake, na watu hudhani umetoka Ufaransa. (Mwanawe ndiye aliyebuni sanamu ya Lincoln kule Washington.) Hufaa sana penye mteremko. London, ambako nyumba zimebanana na mfinyanzi haupitishi maji, mara nyingi maji hayana pa kuelekezwa. Tena msingi ukichimbwa ovyo, ukuta wa jirani huweza kupasuka. Kwa hiyo mafundi wengi hukubali maji yaingie, wakayapokea nyuma ya plastiki yenye vinundu, yakateremka hadi kwenye shimo, na pampu ikayasukuma nje. Kupaka saruji na rangi juu ya unyevu ni kazi bure, ingawa wenye nyumba wengi huishia hapo.

Basi anayeonyeshwa chumba cha chini aulize pampu iko wapi, nani huihudumia, na kama ina betri. Umeme ukikatika wakati wa dhoruba, pampu isiyo na betri husimama nao.