Mbeya si umbeya, Iringa si kuringa



Juzi nilipanda basi kutoka Dar kwenda Mbeya. Konda akamuuliza binti wa kiti cha mbele anashukia wapi. "Mbeya." Konda akadakia: "Ahaa, wambeya wote leo wako kwangu!" Basi zima kicheko. Tulipofika Iringa ikawa zamu ya "wale wanaoringa". Nami nilicheka, lakini nilipomwona yule binti amegeukia dirishani, kicheko kikaniisha.

Kwa Kiswahili, mbeya ni mtu wa kupeleka maneno. Jina la mji halikutoka huko. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba limetokana na neno la Kisafwa, ibheya, yaani chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walifika pale kubadilishana mazao kwa chumvi. Maneno mawili, sauti moja, hayana hata undugu wa mbali.

Iringa nayo ni hivyo hivyo. Kwa Kihehe, lilinga ni ngome. Ni ile ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga. Mwaka 1891 Wahehe walikipiga kikosi cha Wajerumani kule Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaiteka ngome na kuibomoa. Mwaka 1896 wakaanzisha kituo kipya juu ya kilima, kilomita kama 15 kutoka Kalenga, nacho wakakiita Iringa. Yaani ngome waliibomoa, jina wakalichukua! Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.

Sasa jiulize, mdau: katika basi lile, ni wangapi walijua kwamba wanapolitaja jina Iringa wanaitaja ngome?

Sina ugomvi na utani, ndio unaotuunganisha Watanzania. Na Kiswahili nakipenda, ndicho kinachonilisha. Ila mtoto wa Iringa asiyejua Kihehe akisikia jina la kwao atabaki na kuringa tu, na wa Mbeya atabaki na umbeya. Chumvi na ngome vitazikwa pamoja na bibi zetu.

Kwa hiyo ukienda likizo, kabla hujaomba ugali, muulize bibi jina la kijiji chenu lina maana gani. Andika mahali.

Naomba kuwasilisha.