Kiswahili hakina jinsia? Kaangalie fomu

Kuna watu hupenda kutuambia Kiswahili ni lugha ya usawa kwa sababu "yeye" ni yeye tu, awe mwanamume ama mwanamke. Na kwa simu kweli inasaidia. 2008, Facebook ilipokuwa inatafsiriwa kwa lugha nyingi, ilikwama hapo hapo. Kwa Kiingereza walikuwa wanakwepa swali kwa kuandika "themself", lakini lugha zingine hazikwepeki, kwa hivyo wakaanza kuwauliza watu kama ni wa kiume ama wa kike. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. "Amebadilisha picha yake", kwisha.

Sisi wa Garissa tunaiona tofauti haraka kwa sababu nyumbani ni Kisomali, na Kisomali hakikuachi. Akija mwanamume ni "wuu yimid", akija mwanamke ni "way timid". Ukiandika programu ya Kisomali, lazima ujue ni nani amekuja.

Lakini hebu shuka kwa fomu hadi hali ya ndoa. Nimeoa. Nimeolewa. Hapo Kiswahili chetu kisicho na jinsia kimeshakuweka upande, mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Mimi ningeandika "niko kwenye ndoa". Najua mtasema hicho ni Kiswahili cha semina, sawa tu.

Kinachonisumbua zaidi ni neno "mtu" lenyewe. Wakoloni walitunga sheria ya kipande 1915, na baada ya Vita vya Kwanza wanaume Waafrika wakaanza kukibeba, kimefungiwa kwa kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. 1947 ikaja sheria nyingine, na jina lake lilikuwa safi kabisa: ya kuandikisha watu. Si wanaume, ati watu. Ukiingia ndani, huyo mtu ni mwanamume wa miaka 16 kwenda juu. Tukapata uhuru 1963 na mtu akabaki vile vile. Ni 1978 ndiyo sheria ilirekebishwa, wanawake nao wakaweza kupata kitambulisho.

Yaani kwa miaka 31 neno lisilo na jinsia lilifanya kazi ya kuficha jinsia. Anayeandika maneno ya programu leo angeanza na hiyo, kabla ya kujisifu kwamba lugha yetu haibagui.

Huku kwetu mambo yalizidi kuwa magumu, kwa sababu baadaye kukaja msako wa 1989 wa kuwachuja Wasomali, na kupigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho kukawa kawaida. Mwanamke asiye na karatasi alibaki nyuma zaidi.

Habaryar wangu hana kitambulisho, kwa hivyo laini yake imesajiliwa kwa jina la kijana wake. Anauza maziwa ya ngamia sokoni. Wateja wakimtumia pesa, ujumbe unaorudi hauna "yeye" hata mmoja, una jina la mwanamume. Wateja wapya humpigia kwanza kuuliza kama wamekosea namba.